Ngumi haivunji kandarasi: Jinsi Ngannou alivyowashinda mabosi wa UFC kwa kusubiri

Ukipata nafasi ya kutazama tena video ya usiku wa Januari 22, 2022 kule Anaheim, California, usikazie macho pambano lenyewe. Subiri liishe, kisha angalia nani yuko kizimbani na nani hayuko.

Francis Ngannou wa Cameroon ametoka kumshinda Ciryl Gane wa Ufaransa kwa pointi baada ya raundi tano, tena akiwa na goti bovu. Majaji wote watatu wamempa ushindi. Sasa ni wakati wa bingwa kuvishwa mkanda wake. Kwa kawaida anayeufunga mkanda huo kiunoni ni Dana White, bosi wa UFC, kampuni kubwa zaidi duniani ya mapigano ya MMA. Usiku huo White haonekani. Mkanda unafungwa na afisa mwingine wa kampuni. Hata kwenye kikao na wanahabari, bosi hakufika.

Baadaye White alieleza kwamba alikuwa akishughulikia jambo fulani nyuma ya jukwaa. Wewe utaamua kama maelezo hayo yanakutosha. Jambo moja halina ubishi: wakati ule bingwa wa dunia wa uzani mzito na kampuni iliyomwajiri walikuwa hawasikizani kabisa, na ugomvi wao haukuwa wa nani ana ngumi nzito. Ulikuwa wa karatasi.

Kama wewe ni shabiki wa MMA, huenda unaijua hadithi hii kijuujuu. Watu wengi mtaani wanaisimulia hivi: Ngannou alitaka doo zaidi, akanyimwa, akahama. Hiyo ni nusu ya stori. Nusu nyingine ndiyo inayokuhusu wewe hata kama hujawahi kuvaa glavu, kwa sababu siku moja mtu atakuwekea karatasi mezani na kukuambia, “Saini hapa, tutakujenga.”

Kutoka machimbo ya mchanga

Ngannou alizaliwa 1986 katika kijiji cha Batié, magharibi mwa Cameroon. Akiwa bado mtoto alifanya kazi ya sulubu kwenye machimbo ya mchanga ili familia ipate chochote. Ndoto yake ilikuwa ndondi, na alimhusudu Mike Tyson.

Mnamo 2012 alifunga safari ya kuelekea Ulaya, si kwa ndege. Alipita jangwa la Sahara hadi Morocco, na huko akakaa karibu mwaka mzima akijaribu mara kwa mara kuvuka bahari kuingia Uhispania. Alipofaulu, alizuiliwa miezi miwili. Akaachiliwa, akafika Paris 2013 bila makao, akalala kwenye maegesho ya magari. Ni huko ambako alielekezwa kwenye jimu ya MMA Factory ya kocha Fernand Lopez. Wakati huo hakuwa akiujua vyema mchezo wa MMA.

Desemba 2015 alikuwa tayari ameingia UFC. Machi 27, 2021 alimlambisha Stipe Miocic sakafu katika raundi ya pili na kutwaa taji la uzani mzito. Pamoja na Kamaru Usman na Israel Adesanya, wote wawili wazaliwa wa Nigeria, Afrika ikawa na mabingwa watatu wa UFC kwa wakati mmoja. Ilikuwa raha tupu kwa mashabiki.

Lakini cheki kilichofuata. Kampuni ilitaka atetee taji Agosti. Yeye alisema angekuwa tayari mwezi mmoja baadaye. UFC haikungoja. Iliandaa pambano la “taji la muda” kati ya Derrick Lewis na Gane, miezi minne hivi tu baada ya Ngannou kuwa bingwa. Mabingwa wengine wamewahi kungojewa kwa muda mrefu kuliko huo. Ujumbe ulikuwa wazi: mkanda ni wetu, wewe umeazimwa.

Mkanda ni wa nani?

Hapa ndipo penye mzizi wa mvutano wote. Katika ndondi, promota anaandaa pambano, lakini mikanda ni ya mashirika mengine kama WBC, WBA, IBF na WBO. Bondia akikosana na promota wake anaweza kuhamia kwa mwingine na mkanda wake begani. Marekani pia ina sheria ya mwaka wa 2000 iliyopewa jina la Muhammad Ali. Inamlazimu promota kumwonyesha bondia mapato fulani ya pambano, na inakataza mtu mmoja kuwa promota na meneja wa bondia yuleyule.

Sheria hiyo haigusi MMA. Mwaka wa 2016 kulikuwa na mswada wa kuipanua ili iwakinge wapiganaji wa MMA pia. Haukupita.

Kwa hivyo katika UFC kampuni ndiyo promota, ndiyo inayomiliki mkanda na ndiyo inayopanga nani apigane na nani. Ni kama ligi ya soka ambayo mwenye ligi ndiye pia mwenye timu zote, mwenye kombe na mwenye kuamua nani atacheza fainali. Ukikosana naye, utapeleka malalamiko kwa nani?

Kisha kuna kandarasi yenyewe. Tuseme wewe ndiye umesaini. Kuna mambo matatu yatakayokubana.

La kwanza, huruhusiwi kupigana kwingine. Si ndondi, si MMA ya kampuni nyingine, hata kama UFC haijakupa pambano kwa miezi kadhaa.

La pili, saa inaweza kusimamishwa. Ukikataa mpinzani uliyepangiwa au ukiumia, muda huo unaweza kuongezwa kwenye kandarasi yako. Unafikiri umebakiza mwaka mmoja, kumbe hesabu imesongezwa mbele.

La tatu ndilo kali zaidi, kipengele cha bingwa. Kandarasi ikielekea kuisha ukiwa na mkanda, inajiongeza yenyewe. Yaani kadiri unavyoshinda ndivyo unavyozidi kufungwa. Siku ambayo thamani yako iko juu kabisa, siku ambayo kila promota duniani angekufungulia mlango, ndiyo siku ambayo huwezi kutoka.

Waliojaribu kabla yake

Ngannou hakuwa wa kwanza kugonga ukuta huu. Oktoba 2007 Randy Couture, akiwa bingwa wa uzani mzito, alitangaza kuwa anajiuzulu UFC. Alitaka kupigana na Fedor Emelianenko wa Urusi, ambaye hakuwa na mkataba na kampuni hiyo. Wakaishia mahakamani. Miezi ikapita, pesa za mawakili zikaendelea kutoka, na Couture akarudi Novemba 2008 kupigana na Brock Lesnar akiwa na umri wa miaka 45. Alipoteza mkanda. Pambano na Fedor halikuwahi kutokea.

Conor McGregor alikuwa na silaha nyingine, umaarufu. Mwaka wa 2016 alikataa kukatiza mazoezi ili asafiri kwenda kutangaza pambano la UFC 200. Kampuni ilimwondoa kwenye ratiba, licha ya kuwa ndiye aliyekuwa akiuza tiketi kuliko yeyote. Alirejea Agosti mwaka huohuo. Mwaka uliofuata alipigana ndondi na Floyd Mayweather na kuvuna kitita, lakini UFC ilikuwa mshirika katika biashara hiyo. Hata nyota mkubwa kuliko wote aliombewa ruhusa na kampuni ikachukua fungu lake.

Jon Jones naye alitaka malipo makubwa zaidi mwaka wa 2020 ili apande uzani na kukutana na Ngannou. Hawakuelewana. Akaachia taji lake na kukaa nje hadi Machi 2023.

Ukiwatazama watatu hawa utaona kitu kimoja. Wote walikuwa miamba kizimbani. Wote walipiga kelele. Lakini hakuna aliyetoka nje ya kandarasi. Walirudi, au walikaa nyumbani.

Mwaka mmoja wa kukaa kimya

Ngannou alifanya nini tofauti? Alihesabu siku.

Kandarasi yake aliisaini mwishoni mwa 2017, na ilikuwa na kikomo cha miaka mitano. Kipengele cha bingwa kingeweza kuirefusha, lakini si kupita hapo. Akamshinda Gane Januari 2022 kwa malipo yaliyotangazwa ya dola 600,000, karibu Sh77 milioni kwa kiwango cha sasa. Kisha akafanyiwa upasuaji wa goti na kukaa chini akipona huku kalenda ikienda.

Usidhani hiyo ilikuwa likizo. Mpiganaji hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Asipopigana, halipwi. Miaka ya mpiganaji pia ni michache, na Ngannou alikuwa anakaribia 36 wakati alipoanza kungoja. Kila mwezi aliokaa nje ulikuwa mwezi ambao hautarudi. Wahenga walisema subira huvuta heri, lakini hawakusema ni nani atalipa kodi ya nyumba wakati unasubiri.

Desemba 2022 kandarasi iliisha. Januari 14, 2023 White alitangaza kwamba UFC imemwachilia Ngannou na kumvua taji. Alisema kampuni ilimpa ofa ambayo ingemfanya kuwa mpiganaji wa uzani mzito anayelipwa vizuri zaidi katika historia yake, zaidi hata ya Lesnar. Aliongeza kuwa kwa maoni yake Ngannou alikuwa anatafuta wapinzani wepesi na pesa nyingi.

Ngannou alipojibu, orodha yake iliwashangaza wengi kwa sababu pesa hazikuwa jambo la pekee. Alitaka bima ya afya kwa wapiganaji. Alitaka wapiganaji waruhusiwe kuwa na wadhamini wao, jambo lililokatizwa 2015 kampuni ilipoingia mkataba wa sare na Reebok. Alitaka awepo mtu wa kuwatetea wapiganaji katika vikao vya mabosi. Na alitaka ruhusa ya kupigana ndondi.

Soma tena orodha hiyo. Mambo matatu ya kwanza hayakuwa yake peke yake. Alikuwa anaomba kwa niaba ya wenzake ambao hawakuwa na nguvu ya kuomba.

Upande wa mabosi

Tusiwe watu wa kusikiza upande mmoja. UFC haikuota kama uyoga. Ilianza 1993, na kufikia 2001 ilikuwa hoi, imepigwa marufuku katika majimbo mengi ya Marekani. Ndugu wawili wa familia ya Fertitta waliinunua kwa dola milioni mbili na kumkabidhi White aiendeshe. Walimwaga mamilioni kwa miaka kadhaa wakila hasara kabla ya kipindi cha runinga cha The Ultimate Fighter kuiokoa 2005. Mwaka wa 2016 waliiuza kwa takriban dola bilioni nne.

Mabosi husema: sisi ndio tulihatarisha pesa zetu. Sisi hulipia ukumbi, matangazo, kamera na taa. Tukimtengeneza nyota kisha akaondoka na mkanda siku ya pili, nani atawekeza tena? Hoja hiyo ina uzito. Hakuna promota wa kujitolea.

Tatizo ni mgao. Stakabadhi zilizotokea mahakamani zilionyesha kwamba wapiganaji wa UFC walikuwa wakipata chini ya asilimia 20 ya mapato ya kampuni. Wachezaji wa mpira wa vikapu wa NBA hupata karibu nusu ya mapato ya ligi yao. Si kwamba mabosi wa NBA wana roho safi zaidi. Wachezaji wale wana chama, wanakaa mezani pamoja, na wakigoma hakuna mechi.

Katika MMA kugoma pamoja ni kazi ngumu. Novemba 2016 nyota watano, akiwemo Georges St-Pierre wa Canada, walitangaza chama cha kutetea wapiganaji. Kilififia. Kila mpiganaji yuko peke yake, na ukikataa pambano kuna kijana mwingine mahali fulani aliye tayari kuingia kwa notisi ya wiki moja.

Alishinda au alipoteza?

Mei 2023 Ngannou alisaini na PFL, kampuni pinzani. Alipewa uhuru wa kupigana ndondi, hisa, na wadhifa wa kuongoza tawi la Afrika. Pia alisisitiza kuwa mpinzani wake alipwe si chini ya dola milioni mbili, karibu Sh258 milioni. Hebu fikiria: mtu anajadili malipo ya yule anayekuja kumpiga.

Oktoba 28, 2023 aliingia ulingoni Riyadh, Saudi Arabia, dhidi ya Tyson Fury, bingwa wa WBC. Hakuwa amewahi kupigana pambano hata moja la ndondi za kulipwa. Katika raundi ya tatu alimwangusha Fury. Majaji waligawanyika na ushindi ukamwendea Mwingereza huyo, lakini Ngannou alisema pesa alizopata usiku huo zilizidi zote alizowahi kupata UFC.

Basi mambo yakaishia hapo, raha mustarehe? La. Machi 2024 Anthony Joshua alimzimisha kabisa katika raundi ya pili. Mwezi uliofuata akampoteza mwanawe mchanga, msiba ambao hauna uhusiano na mikataba wala mikanda. Oktoba 2024 alirudi kwenye MMA na kumshinda Renan Ferreira katika raundi ya kwanza. Hilo lilikuwa pambano lake la pekee la MMA kati ya Januari 2022 na mwisho wa 2025. Pambano dhidi ya Jones, ambalo dunia nzima ililisubiri, halikufanyika. Mkanda alioukosa Ngannou ulichukuliwa na Jones, aliyemshinda Gane yuleyule Machi 2023.

Kwa hivyo ukiulizwa kama Ngannou alishinda, usijibu haraka. Alipata pesa na uhuru. Alipoteza jukwaa, taji na miaka yake bora kizimbani. Uhuru haukuwa wa bure. Tofauti ni kwamba bei aliichagua mwenyewe.

Wale ambao hatuwajui majina

Sasa fikiria asiyekuwa Ngannou. Mpiganaji anayeanza UFC amekuwa akipokea, kwa miaka ya karibuni, takriban dola 12,000 za kuingia kizimbani na nyingine kama hizo akishinda. Ukibadilisha kwa shilingi ni karibu Sh1.5 milioni, na najua kwa mse wa Kayole au Likoni hizo si pesa za kuchezea. Lakini toa ada ya meneja, kocha, jimu, chakula cha mazoezi na ushuru. Kisha kumbuka anapigana mara mbili au tatu kwa mwaka, na akivunjika mkono hata hizo hapati. Huyo hawezi kukaa mwaka mzima akihesabu kalenda.

Ni watu wa aina hiyo waliosababisha kesi kubwa. Desemba 2014 wapiganaji wakiongozwa na Cung Le waliishtaki UFC wakidai imehodhi soko na kushusha malipo yao. Kampuni ilikana. Kesi ilichukua zaidi ya miaka tisa. Mwaka wa 2024 pande mbili zilikubaliana fidia ya dola milioni 335, lakini Jaji Richard Boulware alikataa. Wapiganaji wa zamani walimwandikia jaji wakieleza maisha yao, wengine wakiwa na madhara ya ubongo na madeni. Hatimaye dola milioni 375, karibu Sh48 bilioni, ziliidhinishwa Februari 2025 kwa wapiganaji waliopigana kati ya 2010 na 2017.

Na hapa kuna jambo ambalo husahaulika Ngannou anapopongezwa. Kile kikomo cha miaka mitano kilichomfungulia mlango kiliingizwa kwenye kandarasi za UFC wakati kesi hiyo ikiendelea. Kwa maneno mengine, bingwa aliponyoka kupitia ufa uliochimbwa na watu ambao hawakuwahi kuwa na jina kubwa kama lake.

Karatasi yako wewe

Mambo haya yanasogea karibu nasi. Mwaka wa 2025 PFL ilizindua ligi yake ya Afrika, ikaanzia Cape Town, ikaenda Johannesburg, na Oktoba ikatua Kigali. Kigali si mbali, ni safari ya basi. Vijana wanaofanya mazoezi kwenye jimu za Nairobi na Mombasa wanajua kwamba mlango umeanza kufunguka.

Mlango ukifunguka, karatasi huja. Na si za wapiganaji pekee. Msanii anayesainiwa na lebo, mchekeshaji anayechukuliwa na meneja, mwanasoka wa mtaa anayeahidiwa majaribio ng'ambo, wote huulizwa swali lilelile: “Una kalamu?”

Kabla ya kujibu, uliza yako. Kandarasi hii inaisha tarehe gani, na ni nani ana uwezo wa kuirefusha? Nikiumia au nikiugua, muda unasimama au unaendelea? Nani analipa hospitali? Naweza kufanya kazi na mtu mwingine usiponipa kazi? Jina langu na picha yangu ni za nani baada ya kuachana? Meneja wangu analipwa na mimi au na wewe?

Mtu akikasirika kwa sababu umeuliza, hapo amekujibu.

Na ukishafanikiwa, kumbuka kuwa uwezo wa kusema “hapana” hauanzi siku ya kusema. Unaanza na akiba unayoweka wakati doo zinaingia, na wakili unayemlipa kabla ya kumhitaji. Zaidi ya yote, unaanza na wenzako mnaoambiana ukweli kuhusu mnacholipwa. Mabosi hupenda kila mtu afiche hesabu yake. Ukijua mwenzako alilipwa nini, tayari hauko peke yako kwenye ile meza.

Ngannou ana ngumi ambayo White mwenyewe aliwahi kuifananisha na kugongwa na gari. Ngumi hiyo haikumpunguzia kandarasi hata siku moja.